Maswali ya Wasomaji: Je, binti yetu ana nafasi Harvard?

SWALI

Assalamu alaykum, Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Langoni, Lamu. Binti yangu wa pili yuko kidato cha nne katika shule ya bweni nje ya kaunti yetu, na tangu kidato cha kwanza hajapata kushuka chini ya wastani wa A-. Hisabati na Kiswahili hupata A, Fizikia na Kemia A-, na Kiingereza B+. Mwaka jana alisikia habari za chuo kikuu cha Harvard, na tangu siku hiyo jina hilo halimtoki mdomoni. Mjomba wake aliyeko ng'ambo asema katika watu mia huchukuliwa watatu au wanne, kwa hivyo mtoto aambiwe mapema aache kujisumbua. Wakala mmoja wa Mombasa naye ametwambia kwamba nafasi ipo na ni ya hakika, ila ataka shilingi 150,000 za kuanzia, na baba yake, ambaye ni mvuvi, ameanza kuzungumza na mtu wa kulinunua dau letu la pili.

Nimekutumia nakala za ripoti zake zote ili uzipime. Zaidi ya hizo sina la kukwambia, kwa maana si mtoto wa mambo mengi: hachezi mpira, hajawahi kuwa kiranja, na likizo zake hupotelea dikoni akimwandikia baba yake na wenzake samaki wanaoshushwa, jambo ambalo nimemkanya mara nyingi ili apate kusoma. Nakuomba unieleze bila kunificha: ana nafasi gani, na je, tuliuze dau?

Mama mzazi, Langoni, Lamu

JIBU

Waalaykumu salaam, dada yangu.

Nianze na lile linaloweza kuharibika kabla jibu hili halijakufikia: dau lisiuzwe. Hakuna mtu nje ya ofisi ya udahili ya chuo chenyewe awezaye kuahidi nafasi, na anayeiuza kwa shilingi 150,000 anauza kitu ambacho hanacho. Maombi ya vyuo vingi vya Marekani, Harvard kikiwemo, hupelekwa kupitia mtandao uitwao Common App, ambao mwanafunzi hujifungulia akaunti mwenyewe bila kulipa chochote. Kila chuo hutoza ada yake ya maombi, nayo kwa vyuo vyenye jina hufika dola 70 na zaidi, lakini mwombaji ambaye familia yake haina uwezo huomba asamehewe ada hiyo, na kuomba huko hakumpunguzii kitu. Mawakala wa namna hii wana madhara mengine makubwa kuliko fedha wanazochukua, kwani baadhi yao humwandikia mtoto insha na kumpachika sifa asizokuwa nazo, na chuo kikiugundua uongo huo hufuta nafasi hata kama mwanafunzi amekwisha kufika na kufungua sanduku lake.

Mjomba hakusema uongo. Walioomba kuingia Harvard mwaka 2024 walikuwa 54,008, na waliokubaliwa walikuwa 1,937, ambao hawafiki wanne katika kila mia. Hesabu hiyo, hata hivyo, inaeleza chuo tu. Haijamweleza binti yako. Humo ndani wamo walioomba kwa kubahatisha, wamo waliosomea shule ambazo karo yake ya mwaka mmoja yanunua madau kumi, na wamo waliosomea shule ya bweni yenye maabara moja, na msomaji wa maombi hutakiwa kumpima kila mmoja kwa yale aliyoyafanya na alichokuwa nacho. Wakati huohuo sitaki nikupendezeshe. Vyuo hivi huchukua wanafunzi wachache tu kutoka nje ya Marekani, MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kwa mfano takriban mmoja katika kila kumi wa shahada ya kwanza, nao hutoka katika dunia nzima. Kwa hivyo mlango ambao binti yako anaubisha ni mwembamba kuliko hata huo wa wanne katika mia, na wengi wanaokataliwa hapo hawana kasoro yoyote.

Sasa nimpime yeye mwenyewe. Ripoti zake ni nzuri, na uzuri wake mkubwa ni kwamba hazipandi na kushuka. Msomaji wa maombi huitafuta sana hali hiyo kwa sababu mtihani mmoja waweza kumbeba mtu, lakini mihula kumi haimbebi. KCSE yake, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, itatazamwa, na A safi itamsaidia mno: mwaka 2024 walioipata nchini walikuwa 1,693 tu kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, na wasomaji wa vyuo wanaopokea maombi ya Wakenya kila mwaka wanaujua uzito wake. A- haimfungii mlango. Lile B+ la Kiingereza ndilo linalonitia shaka, kwa kuwa kila atakachokiandika kitasomwa kwa lugha hiyo, na miezi iliyobaki yafaa aitumie kusoma vitabu na magazeti ya Kiingereza kila siku, hata kurasa kumi, kuliko kuyarudia maswali ya Hisabati ambayo tayari anayaweza.

Kuna pia mtihani wa SAT, ambao vyuo vya Marekani huutumia kuwapima waombaji, na alama zake za juu ni 1600. Wakati wa janga la korona vyuo vingi viliuweka kando, kisha vikaurudisha kimoja baada ya kimoja: MIT mwaka 2022, na Harvard mwaka 2024 kwa wale wa kuingia mwaka uliofuata. Wengi wa wanaoingia vyuo hivyo huwa na 1500 na zaidi. Mtihani huu sasa hufanywa kwa kompyuta, na simu hairuhusiwi, basi itabidi apate kompyuta ya kupakata, awe ameizoea kabla ya siku yenyewe, na asafiri hadi kwenye kituo, kwa kuwa Lamu hakipo. Ikiwa kuna fedha ya kutumika, itumike hapa. Masomo ya kujitayarisha yapo bure katika mtandao wa Khan Academy, na hakuna haja ya kumlipa mtu.

Nimekuja kwenye jambo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine zote. Katikati ya ripoti ulizonitumia ilipenya karatasi moja ya daftari, ambayo nadhani hukukusudia kunitumia. Ina mistari iliyopigwa kwa rula na safu saba: tarehe ya mwezi mwandamo, hali ya maji, upepo, jina la chombo, aina ya mtego, aina ya samaki, na kilo. Ameandika changu, tafi, pono na kolekole. Ametenganisha walionaswa kwa madema na walionaswa kwa nyavu. Na kila siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ameitia nukta nyekundu ili itofautike na siku za maji mafu. Pembeni ya mstari wa kumi na tatu, kwa penseli, ameandika: "Mizani ya mchuuzi imepungua tena, gramu 400 kwa kilo 10." Neno "tena" nimelitazama kwa muda mrefu, dada yangu, kwa sababu mtoto hawezi kuliandika ila awe amepima zaidi ya mara moja, akakumbuka, na akalinganisha.

Wewe umeniambia kwamba si mtoto wa mambo mengi. Fomu ya Common App ina nafasi kumi za shughuli za mwombaji, lakini hakuna anayelazimishwa kuzijaza zote, na miongoni mwa aina za shughuli zilizotajwa humo yamo majukumu ya familia na kazi ya kujipatia riziki. Maelfu ya waombaji watajaza ukiranja, vilabu na mashindano ya midahalo. Ni wachache mno watakaoweza kuonyesha daftari la miaka kadhaa ambalo hawakuagizwa na mwalimu yeyote kuliandika, lenye maswali ya kweli ndani yake, yanayowahusu watu wanaoishi nao. Tafadhali, usimkanye tena. Mwambie azikusanye kurasa zote, azijumlishe mwezi kwa mwezi, atazame kama madema hupata zaidi wakati wa bamvua au wakati wa maji mafu, na kama upepo wa kusi huwabadilisha samaki kwa aina au kwa wingi tu, kisha matokeo awasomee wavuvi wenyewe hapo dikoni na awasikilize watakapombishia. Wazee hao wanajua mengi ambayo daftari halijayafikia, na mabishano yao yatamfundisha kuliko mimi. Habari ya mizani pia aimalize: apime kwa siku nyingi zaidi, kwa mizani iliyohakikishwa, kabla hajamtuhumu mtu.

Humo humo ndimo itakamotoka insha yake, ambayo katika Common App haipungui maneno 250 wala haizidi 650. Vijana wetu wengi, wakishauriwa vibaya, huandika juu ya umaskini: taa ya chemli, ndara zilizokatika, njaa. Sisemi waone haya kuyataja maisha yao, lakini msomaji aliyemaliza insha hiyo huwa amejua hali ya nyumba bila kumjua mtoto. Binti yako aandike juu ya asubuhi moja dikoni na ile penseli. Aandike mwenyewe, airudie mara nyingi, na mwalimu wa Kiingereza amwonyeshe makosa bila kumbadilishia sauti.

Barua za walimu ni jambo ambalo huku kwetu tunalifanya vibaya, nami nikiwa mmoja wa waliolifanya vibaya. Nilipokuwa nikifundisha niliwahi kumwandikia kijana mmoja hodari barua isemayo kwamba ni mtiifu, mwenye nidhamu na mwenye bidii, nikaipiga muhuri, nikaridhika. Barua hiyo ingeweza kuwa ya mwanafunzi yeyote katika darasa la arobaini. Hadi leo naikumbuka kwa majuto, kwa sababu nilikuwa nimemwona kijana yule akibishana nami juu ya jibu lililochapishwa nyuma ya kitabu, na yeye ndiye aliyekuwa sawa, na sikuliandika hilo. Basi binti aende kwa walimu wawili wanaomfahamu, awape muda wa kutosha, awaachie nakala ya kazi zake, na awaombe kwa heshima wataje jambo moja waliloliona kwa macho yao. Mwalimu wa Fizikia aonyeshwe daftari. Huenda hajui kama lipo.

Upande wa fedha, gharama za mwaka mmoja katika vyuo hivi hupita dola 80,000, na dau lenu lisingelipa hata muhula. Jambo la kuangalia ni kama chuo, kinapoamua kumchukua mwanafunzi wa nje, hakitazami mfuko wake, kisha kikimchukua kinamlipia pengo lote. Vyuo vya namna hiyo si vingi: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo. Tangu mwaka wa masomo wa 2025–2026, familia yenye mapato yasiyofika dola 100,000 kwa mwaka hailipi chochote Harvard, si karo, si chakula, si malazi. Stanford, pamoja na utajiri wake, huutazama uwezo wa mwombaji wa kutoka nje, kwa hivyo kwa mtoto anayehitaji kulipiwa kila kitu ni mlango mgumu zaidi ya unavyoonekana. Kwa sababu hiyo simshauri aombe Harvard peke yake kwa kulipenda jina. Atengeneze orodha ya vyuo vinane au kumi, na ndani yake viwemo vyuo vidogo vya shahada ya kwanza ambavyo hapa Lamu havina jina lakini vina fedha za kuwasaidia wanafunzi wa nje. Amherst, kilichoko Massachusetts, hakifiki wanafunzi 2,000 nacho kinahesabika pamoja na vikubwa.

Wala hamko peke yenu katika jambo hili. Mwaka 1959 vijana 81 wa Kenya walipanda ndege moja kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, na binti yake Mboya, Susan, baadaye alianzisha Zawadi Africa, ambayo huwashika mkono wasichana wenye vipaji kutoka familia zisizo na uwezo. Ipo pia KenSAP, ambayo huwatayarisha Wakenya waliofaulu KCSE kwa maombi ya vyuo vya Marekani, na kuna ushauri wa bure wa EducationUSA chini ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Awaandikie hao mara tu matokeo yatakapotoka, kwani wao huwa na tarehe zao za kufunga na hawamngojei mtu.

Kalenda nayo isiwapite. Atafanya KCSE mwezi wa Novemba, matokeo yaje mwanzo wa mwaka, kisha atume maombi mwishoni mwa mwaka huo, kwa kuwa vyuo vingi hufunga siku za kwanza za Januari. Majibu hutoka mwisho wa Machi, na safari huwa Agosti. Hapo katikati KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, itakuwa imempangia chuo cha hapa nchini, na lazima ajaze machaguo yake kikamilifu kana kwamba Marekani haipo. Mtoto mwenye daftari kama lile ana mahali pa kwenda hata asipovuka bahari, na Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, hufundisha mambo ya viumbe vya bahari na uvuvi. Tahadhari moja tu: vyuo vingi vya Marekani humhesabu mtu aliyekwisha kusoma mwaka wa shahada kwingine kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na nafasi za kuhamia ni chache mno kuliko za kuanza. Kabla hajajisajili hapa, akiandikie kila chuo kilichomo katika orodha yake, akiulize kitamhesabu vipi, na majibu ayahifadhi.

Umeniomba nisikufiche. Harvard peke yake, nafasi yake ni ndogo, hata akipata A na SAT ya kupendeza. Orodha nzima ya vyuo kumi vilivyochaguliwa kwa kutazama nani analipa, pamoja na daftari lililokamilishwa na walimu wawili walioandika walichokiona, hapo ana nafasi ya kweli, ambayo ningependa aitolee jasho la mwaka mmoja. Karatasi ile nimeitia katika bahasha nikakurudishia kwa posta, kwa kuwa nimeona ina safu za mwezi wa Rajab ambazo huenda hana nakala yake.

SWALI

Shikamoo, Mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana nikapata A- ya pointi 76. Biolojia nina A-, Kemia B+, Hisabati B+, na Kiswahili A. Rafiki zangu wamenijumlishia masomo hayo manne yakawa pointi 43, wakasema udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi nimeupata, kwa maana mwaka uliopita mtu wa mwisho hakuwa mbali na hapo. Je, niujaze udaktari peke yake?

Kijana wa Maweni, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi uliyoifanya.

Rafiki zako wamejumlisha sawasawa, 11 na 10 na 10 na 12, lakini wamelinganisha vitu viwili tofauti. Hiyo 43 ni pointi ghafi za masomo manne, kati ya 48. KUCCPS haiishii hapo. Huingiza pia ufaulu wako katika masomo yote saba, ambayo jumla yake ya juu ni 84, na baada ya kupiga hesabu hukupa pointi za kundi, yaani za masomo yanayotakiwa kwa kozi hiyo, ambazo nazo huandikwa kwa kipimo cha 48, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Kwa alama kama zako, pointi hizo za kundi si lazima zifike 43. Ingia katika ukurasa wako wa KUCCPS, tazama pointi ulizopewa za kundi la udaktari, na hizo ndizo uzilinganishe na za mtu wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita.

Hata hizo za mwaka uliopita si sheria. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba udaktari uanzie pointi kadhaa. Ni pointi za yule aliyeketi kwenye kiti cha mwisho, na mwaka huu wakiomba wengi wenye alama za juu zitapanda, nawe utajikuta nje kwa sehemu ya kumi ya pointi. Ukiwa umewazidi kwa pointi moja au zaidi, jaza udaktari Nairobi kwa moyo mkunjufu. Ukiwa sawa nao au chini yao, uweke chaguo la kwanza kama ndiko moyo ulikoelekea, lakini machaguo yanayofuata yasiwe udaktari wa vyuo vingine vyenye ushindani uleule. Weka famasia, uuguzi au tiba ya kliniki ya ngazi ya shahada, katika vyuo ambavyo mtu wa mwisho yuko chini yako kwa umbali unaoonekana. Nimewaona vijana wenye alama zako waliojaza udaktari mistari yote wakakosa yote, wakaingia awamu ya pili kugombania yaliyobaki.

Ukishapata pointi zako za kundi niandikie tena kabla ya kufunga, tuyatazame machaguo pamoja.